Mradi, timu ya shule, kombe la kijijini au akademia: mtoto wa mashambani achezee wapi?

Ndugu yangu alinipigia simu saa tatu usiku, saa ambayo kwetu simu huwa ya msiba au ya pesa. "Dada, huyu mtoto anatafutwa na watu wanne," akasema. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya bweni ya mbali, aliyemwona akicheza na sasa anaahidi karo. Wa pili, shirika linaloendesha mazoezi kila Jumanne na Alhamisi kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wa tatu, kijana wa soko la karibu anayeunda timu ya wasichana kwa ajili ya kombe la Desemba. Wa nne, akademia moja ya mpira ya Kisumu iliyomtumia ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya uwanja ambao nina hakika hauko Kisumu.

Mtoto huyo, binti yake, ana miaka 15, yuko Gredi ya 9, ni kiungo mwenye mguu wa kushoto. Nyumbani ni upande wa Luanda, kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, ambako mashamba yamebanana hivi kwamba ukipiga mpira juu kidogo unaenda kuuomba kwa jirani. Usiku ule nilimjibu ndugu yangu kwa haraka, na nikamjibu vibaya: nilisema aangalie ni nani ana pesa. Haya hapa ndiyo niliyopaswa kumwambia. Nimechezea timu ya kijiji, nikapitia mradi wa shirika, nikavaa jezi ya shule. Akademia nimeijua kutoka pembeni, kama mtu anayewasaidia makocha wikendi.

Kipimo changu ni kimoja. Timu isipimwe Jumamosi ya fainali. Jumamosi kila mtu ana jezi safi, spika zinalia, mgeni wa heshima amefika, na hata refa anatabasamu. Nenda Jumanne saa kumi jioni, bila kumwarifu mtu. Uone kama kocha amefika, kama mpira una upepo, na mtoto asiyejua kucheza anafanyiwa nini. Yote nitakayosema hapa chini yanarudi kwenye hiyo Jumanne.

Mradi wa shirika

Huu ndio ambao wazazi wengi hawauelewi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Katika mradi wa michezo kwa maendeleo, mpira ni chambo. Shirika linataka watoto waje, wakishakuja wafundishwe habari za afya, ukimwi, mimba za mapema, uongozi, mazingira. Mfano unaojulikana sana nchini ni Mathare Youth Sports Association, iliyoanza Mathare, Nairobi, mwaka 1987. Timu zake zilipata pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani pamoja na zile za kushinda mechi. Kilifi kuna Moving the Goalposts, iliyoanza 2001, ambayo imejengwa juu ya mpira wa wasichana. Huku kwetu magharibi miradi mingi midogo imechota kutoka visima hivyo viwili, wengine bila hata kujua.

Tofauti ni kwamba Mathare mtoto anatoka mlangoni na kuingia uwanjani. Mashambani anatembea, na kabla ya kutembea ameteka maji, amefunga ng'ombe, amemshika mtoto wa mwisho mama akienda sokoni. Mradi ulioandikwa mjini hupanga mazoezi saa tisa na nusu, kisha ripoti inasema wasichana hawana ari. Ari wanayo. Ndoo ya maji ndiyo haijajaa. Kiongozi wa mradi wetu alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye hakujua hata sheria ya kuotea, lakini alipita boma kwa boma akiwauliza mama zetu ni saa ngapi wangeweza kutuachilia. Mazoezi yakasogezwa hadi saa kumi na robo. Dakika arobaini na tano tu, na tukaongezeka kutoka wasichana tisa hadi timu mbili kamili na wa akiba.

Nilipata nini pale? Sitadanganya kwamba nilipata mpira mzuri. Nilifundishwa kuhusu ukimwi mara nyingi kuliko nilivyofundishwa kupiga krosi. Lakini pale ndipo mtu mzima aliponiuliza kwa mara ya kwanza, "Wewe unaonaje?" kisha akangoja jibu. Tulicheza ile mechi ya vipindi vitatu isiyo na refa. Kipindi cha kwanza mnakaa chini kwa duara, timu zote mbili, mnakubaliana sheria. Cha pili mnacheza. Cha tatu mnakaa tena, mnapeana pointi za heshima na uungwana, na mnaweza kuwa mmefunga mabao mengi na bado mkapoteza mechi. Msichana wa miaka 13 aliyelelewa kuambiwa anyamaze wakubwa wakiongea, siku ile anasimama mbele ya wavulana na kusema, "Wewe ulinivuta nywele, hatuwapi pointi." Hilo huwezi kuliona kwenye matokeo.

Kulikuwa pia na sheria kwamba katika mechi ya mchanganyiko, bao la mvulana halihesabiwi mpaka msichana afunge kwanza. Wageni walioipenda sheria hiyo hawakuwahi kutuuliza sisi tuliionaje. Tulifurahi kupewa pasi, ndiyo. Lakini siku nyingine ulijihisi kama risiti: wavulana wanakusukumia mpira mbele ya goli ili wapate ruhusa ya kuanza mchezo wao wa kweli. Baada ya miezi kadhaa sisi wenyewe tuliomba iondolewe kwa mechi za wakubwa na ibaki kwa wadogo. Ikaondolewa. Na nadhani kule kuomba kukasikilizwa kulitufaa kuliko sheria yenyewe.

Sasa ubaya wake. Mradi una umri, na umri huo haupangwi na kijiji. Unaitwa awamu. Awamu ya kwanza, awamu ya pili, kisha mfadhili anabadilisha mawazo huko aliko na mazoezi yanakufa kama redio iliyoishiwa betri. Wetu uliisha mwaka wa tatu. Hakuna aliyetuambia. Tulifika uwanjani Jumanne, tukangoja, tukacheza wenyewe kwa mpira uliokuwa umebaki kwa mlinzi wa shule. Alhamisi tukaja tena. Wiki ya tatu walikuja wanne. Yule mama mcheshi alikuwa anaona haya kupita njia ya kwetu, kama kwamba ni yeye aliyetudanganya, na hata yeye alikuwa hajalipwa posho ya miezi miwili.

Jambo jingine ni siku ya wageni. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli siku hiyo tulipona: soda, mandazi, jezi mpya ambazo zilikusanywa jioni na kurudishwa kwenye sanduku. Tuliimba wimbo wa kukaribisha, tukapigwa picha tukiruka. Sikuchukia wageni. Kilichonikera ni kwamba mtoto aliyekuwa na hadithi ya kuhuzunisha zaidi ndiye aliyeitwa mbele kila mara, mpaka wengine wakaanza kujitungia zao. Ukienda kuangalia mradi, uliza kama mtoto anaweza kukataa kupigwa picha na bado akabaki kwenye timu. Jibu litakuonyesha mengi.

Na mwulize kocha swali hili bila kuzunguka: mradi ukiisha, mipira na nyavu ni mali ya nani? Penye jibu la "ni za kikundi, na kikundi kimesajiliwa," mpeleke mtoto. Penye jibu la "hayo yataangaliwa," mpeleke pia, lakini asiweke mayai yote hapo.

Kuhusu wasichana kuna kitu kimoja ambacho wanaume wanaopanga miradi hukisahau. Sheria ya mwaka 2017 ilisema wasichana wa shule za umma wapewe sodo bure. Vizuri. Lakini sodo hizo hupitia shuleni, na likizoni shule imefungwa huku mazoezi yakiendelea. Mradi unaoweka sodo na mahali pa kubadilisha nguo kando ya uwanja utawaona wasichana wakirudi kila wiki. Usioweka utawapoteza mmojammoja, na hakuna atakayekuambia sababu.

Timu ya shule

Ukizungumza michezo ya shule magharibi, watu watakutajia Kakamega School na jina lake la Green Commandos, watakutajia Musingu, watakutajia Malava Girls kwa voliboli na Wiyeta ya Trans Nzoia kwa mpira wa wasichana. Mechi kubwa kwenye uwanja wa Bukhungu, Kakamega, huja na isukuti, na mtoto wa kijijini aliyewahi kucheza mbele ya ngoma hiyo hatakuja kusahau. Mashindano yenyewe ni ngazi: zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, kisha Afrika Mashariki. Mwaka 2025 michezo hiyo ya shule za Afrika Mashariki ilichezwa Kakamega kwetu, baada ya Mbale, Uganda, mwaka uliotangulia.

Kwa mtoto mwenye kipaji cha kweli, ngazi hii inaonekana na watu wengi kuliko kitu kingine chochote kilicho karibu naye. Makocha wa vilabu huja. Vyuo huja. Na karo: kuna familia nyingi huku ambazo mtoto wao wa kwanza kumaliza sekondari alimaliza kwa sababu ya miguu yake.

Lakini tazama ngazi hiyo kwa jicho la mtoto wa kawaida. Mashindano ni ya kuondolewa. Shule ndogo inaenda ngazi ya kwanza Alhamisi, inafungwa Ijumaa, na msimu umeisha. Siku mbili! Mwaka mzima wa kukimbia asubuhi kwa ajili ya siku mbili. Na hao ni wale kumi na mmoja pamoja na akiba. Mtoto wa thelathini kwa ubora katika shule yenye wanafunzi mia nane hatagusa mpira wa mashindano hata mara moja katika miaka yote ya sekondari. Mradi wa shirika, pamoja na mandazi yake na nyimbo zake, humchezesha huyo wa thelathini kila wiki. Hapo ndipo tofauti kubwa kati ya viwili hivi ilipo, na sijasikia mzazi akiitaja.

Kuna suala la ahadi. Mwalimu aliyemwendea ndugu yangu ni mtu mwema, nimeongea naye. Lakini wema wa mwalimu hauko kwenye karatasi, na walimu huhamishwa. Katika shule moja niliyoijua, rafiki yangu aliumia goti muhula wa pili, mechi ya kirafiki, uwanja wenye mashimo. Muhula wa tatu aliitwa ofisini akaambiwa ana salio la karo. Salio la nini? La karo ambayo "shule ilikuwa ikimsaidia." Hakukuwa na barua. Alirudi nyumbani na mfuko wake wa nguo, goti likiwa limevimba bado. Kwa hiyo: ahadi iandikwe, mwalimu mkuu aitie sahihi, na iseme wazi mtoto akiumia itakuwaje. Kabla hajaondoka, hakikisha ameorodheshwa kama mtegemezi wako kwenye bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usingoje goti.

Na ukisikia mtu anapendekeza mtoto arudie darasa ili apate mwaka mmoja zaidi wa kucheza, au cheti cha kuzaliwa "kirekebishwe," funga mlango. Nimeona vijana waliokuwa wafalme wakiwa na miaka 17 ya karatasi. Karatasi ilipoisha, wakabaki bila darasa na bila timu.

Kuna jambo jipya linalofanya uchaguzi wa shule uwe mzito kuliko ulivyokuwa wakati wetu. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaingia sekondari ya juu kwa mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Kwa hiyo mtoto kama huyu wetu anaweza kusoma michezo kama somo, darasani, kwa mtihani. Lakini shule kutoa mkondo ni jambo moja, na kuwa na uwanja, mwalimu aliyesomea, na kifaa cha huduma ya kwanza ni jambo jingine. Nenda Jumanne. Kama saa ya michezo imegeuzwa kuwa saa ya hisabati ya ziada, hutaambiwa na mtu, utajionea uwanja mtupu.

Kombe la kijijini

Hili nalipenda, na ndilo nitakalolisema vibaya kidogo.

Desemba watu wakirudi kutoka Nairobi, kila wadi ina kombe. Wanaume wanashindania fahali, na fahali mwenyewe amefungwa kwenye mti kando ya uwanja tangu nusu fainali ili watu wamwone. Wasichana wanashindania mbuzi. Mwaka mmoja sisi tulishindania jogoo wawili. Tuliwapika siku hiyohiyo nyuma ya kanisa, watu kumi na wanane, na sijawahi kula kuku mtamu vile. Lakini fahali na jogoo si kitu kimoja, na ukiwa na miaka 16 unaijua hesabu hiyo vizuri.

Faida ya timu ya kijiji ni kwamba ni yenu. Hakuna awamu. Hakuna anayeweza kuifunga kwa barua pepe kutoka Nairobi wala Ulaya. Mtoto anacheza na watu wazima, anapigwa bega, anajifunza kuinuka. Mimi nilianza hapo na mpira wa juala, kabla juala zenyewe hazijapigwa marufuku Agosti 2017. Watoto wa sasa wanafunga matambara kwa kamba, na wanasema hauruki vizuri kama wetu. Wana haki.

Ubaya: kocha hana mafunzo, hakuna hata bandeji, mechi zinaisha gizani, na kuna kamari pembeni inayoweza kumfikia mtoto akaambiwa akose penalti. Halafu siasa. Jezi zina uso wa mheshimiwa kifuani, na kadiri uchaguzi wa Agosti 2027 unavyokaribia, makombe yataota kama uyoga baada ya mvua. Yachezeni. Chukueni jezi na mipira. Lakini msipange maisha ya mtoto juu yake, maana baada ya kura uwanja hurudi kuwa malisho.

Kwa msichana kuna la kuongeza: nani anawarudisha nyumbani? Kama jibu ni "boda yoyote," basi asiende.

Akademia ya mjini

Hapa sina mengi. Zipo nzuri, Kisumu na Nakuru kote, zenye makocha walio na vyeti na watoto wanaopangwa kwa umri. Mtoto hujifunza mpira wenyewe hapo: kupokea, kugeuka, kuona nafasi. Lakini fanya hesabu ya nauli kabla ya ada. Ikiwa kwenda na kurudi ni shilingi 300, mara mbili kwa wiki, mwezi mmoja ni shilingi 2,400, na bado hujalipa ada, njumu, wala chakula cha mchana. Kwa mtoto wa Milimani, mtaa wa wenye nacho, ni sawa. Kwa mtoto wa Luanda, hiyo ni bei ya kuku kadhaa kila mwezi, na baba atachoka kabla ya kuku kuisha.

Maswali mawili tu. La kwanza, imesajiliwa kwa Msajili wa Michezo kama Sheria ya Michezo ya 2013 inavyotaka? Cheti ni karatasi, kinaweza kuonyeshwa. La pili, ikiwa wanaahidi Ulaya, waulize watamhamishaje mtoto wa miaka 15 wakati kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Anayekujibu kwa kukuomba pesa ya pasipoti, mwambie utampigia.

Sasa nani aende wapi

Mtoto wa miaka 9 hadi 13, mvulana au msichana, anayecheza kwa kupenda tu: mradi wa shirika ukiwa karibu, kisha timu ya kijiji. Umri huo hauhitaji ahadi ya mtu. Unahitaji kugusa mpira mara nyingi na kutoogopa watu.

Mtoto mwenye aibu, au aliyepitia magumu nyumbani, nitasema mradi bila kusita, hata kama mpira wake ni wa hovyo. Nimewaona wakibadilika. Sijui kama ni masomo au ni yule mtu mzima mmoja anayejua jina lako, lakini nadhani ni huyo mtu.

Mtoto wa upande wa Njoro au Molo, kule Nakuru, anayependa kukimbia kuliko kupiga mpira ana bahati ambayo sisi watu wa mpira hatuna: barabara ni bure. Na akitaka kuona Jumanne inafananaje, Iten, mji wa wakimbiaji, haiko mbali sana. Brother Colm O'Connell alifika shule ya St. Patrick's ya huko mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila ujuzi wa ukocha wa riadha, na akabaki. Miaka 36 baadaye David Rudisha, mwanafunzi wake, alikimbia mita 800 London kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Watu hutaja hewa ya milimani, hutaja uji na ugali. Mimi hutaja kwamba kocha hakuondoka.

Mvulana au msichana wa miaka 15 na zaidi ambaye makocha wawili wasiojuana wamesema ana kipaji: shule. Lakini iliyo karibu kwanza kama ina timu, na ya mbali kwa barua tu. Msikubali kwamba bila bweni maarufu hakuna njia. Vihiga Queens, timu ya kaunti yetu hii ndogo, ilitwaa kombe la CECAFA mwaka 2021 na kufika Cairo kwenye Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika iliyochezwa kwa mara ya kwanza kabisa. Hao waliokwenda Cairo walionekana kutoka hapahapa.

Na jambo ambalo ndugu yangu hakuliwazia hata kidogo: si lazima achague moja. Mradi ni Jumanne na Alhamisi. Timu ya shule ya kutwa ni baada ya masomo siku nyingine. Kombe ni Desemba. Havigongani, isipokuwa makocha wakiwa na wivu, na wivu wa makocha ni ugonjwa tunaoujua sote. Mwili tu ndio wa kuangaliwa. Mtoto anayecheza siku sita kwa wiki kwa chai kavu na sukuma ataumia, na hatakuambia kwa sababu anaogopa kupoteza namba.

Wiki iliyopita nilipanda matatu hadi Luanda bila kumwambia mtu. Jumanne, saa kumi kasorobo. Shule ya bweni nilikuwa nimeipitia wiki ya kabla: uwanja mzuri, nyasi zimekatwa, hakuna mtu. Kwenye uwanja wa shule ya msingi wasichana walikuwa wamefika kabla ya kocha, wakipima mistari kwa majivu ya jikoni. Kocha alifika na boda, amechelewa dakika kumi, akaomba msamaha kwa watoto. Kwa watoto! Mpira mmoja ulikuwa na upepo, miwili ilikuwa laini. Msichana mmoja mdogo asiyeweza kupiga mpira hatua tano aliwekwa katikati, na mpwa wangu alikuwa akimpa pasi, anangoja, anampa tena.

Aliponiona alikuja mbio, jasho tele. "Senje," yaani shangazi, "umekuja kunichukua?"

Nikamwambia nimekuja kuangalia tu.

Ndugu yangu bado anaitaka shule ya mbali. Amemwandikia mwalimu akiomba barua, na barua haijaja. Mtoto mwenyewe hana haraka. Jumanne ijayo ni zamu yake kuongoza duara la kipindi cha kwanza kwa wadogo, na ameniagiza filimbi, kwa sababu ya mradi imeingia maji na sasa inalia kama bata.